Mvua ya Herufi Kwenye Kompyuta Mpya

Kila siku ya shule, ifikapo saa tisa na nusu alasiri, Chapuchapu aliusukuma mlango wa nyumbani kwa bega, akautupa mkoba kitini, akavua viatu bila kulegeza kamba, na kabla ya soksi ya pili kutoka mguuni alikuwa ameshauliza kuna nini jikoni. Jina la Chapuchapu alipewa na bibi yake mzaa mama, kwa kuwa alizaliwa wiki tatu kabla ya siku aliyotarajiwa, na tangu hapo, kwa maneno ya Bibi, hajawahi kungoja kitu chochote kiive. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na bado kila asubuhi chai ilimchoma ulimi.

Siku hizi hakuwa na ruhusa ya kutoka tena kwenda kucheza. Miezi mitatu iliyopita Bibi alipatwa na kiharusi. Alilazwa hospitalini wiki mbili, akarudi nyumbani akiburuta mguu kidogo na akisema vizuri kama zamani, tena zaidi ya zamani, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa kama umelala usingizi. Mama alikuwa karani katika bohari ya dawa na hakurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo kazi ya kukaa na Bibi na kumsimamia mazoezi ya mkono ilimwangukia Chapuchapu.

Kumsimamia Bibi kulikuwa sawa na kumwogesha paka. Mtaalamu wa viungo wa kliniki, kijana mpole asiyepandisha sauti, alikuwa amempa mpira laini wa kuminya, donge la udongo wa plastiki la kufinyanga, na bakuli la vifungo vya shati vya kuokota kimoja kimoja. Bibi aliminya mpira mara tano, akautazama kana kwamba umemtukana, akauweka chini. Alisema yeye si mtoto wa chekechea. Udongo alisema unanuka. Vifungo alivimwaga, kisha akasema vimejimwaga. Chapuchapu akaingia chini ya meza kuviokota, akihema kwa hasira na kujikumbusha moyoni kwamba mgonjwa hanuniwi.

Alasiri moja Bibi akamwagiza avute sanduku la chini ya kitanda. Ndani, kati ya barua kuukuu na picha zilizopauka, kulikuwa na bahasha yenye disketi mbili nyeusi, vile vibamba vya plastiki vya mraba ambavyo watu walikuwa wakihifadhia kazi za kompyuta zamani. Bibi akazipangusa kwa upindo wa kanga na uso wake ukalegea. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi kwa miaka ishirini na saba. Kompyuta za kwanza zilipoletwa pale ofisini, wapiga chapa walipewa mchezo wa kuzoeza vidole. Herufi zilidondoka kutoka juu ya kioo kama matone, na mchezaji alitakiwa kubonyeza kitufe cha herufi ile kabla haijagusa chini. Duru moja ilikuwa na herufi hamsini. Wao wenyewe waliuita Mvua ya Herufi. Bibi alidaka hamsini kati ya hamsini, na rekodi hiyo haikuvunjwa na mtu. Mkuu wa ofisi alijaribu mara moja wakati wa mapumziko, akaondoka akisema kibodi ni mbovu.

“Nitafutie huu, mke mwenzangu,” Bibi akasema, kwa utani wake wa siku zote. “Huu nitaucheza. Huo mpira wao wampe mbwa.”

Mama alipompigia simu mtaalamu wa viungo, hakupinga. Alisema kitu chochote kitakachomfanya Bibi atumie vidole vya kushoto ni dawa, mradi asiache mpira na udongo. Akaomba jambo moja tu: liwepo daftari, na kila siku iandikwe idadi ya herufi zilizodakwa, ili naye aone mkono unavyokwenda. Mama akaongeza ahadi yake. Daftari likifika arobaini, Chapuchapu atarudi kwenye timu ya mpira wa wavu ya darasa.

Chapuchapu alidhani mchezo utakuwa umewaka kabla ya jua kuzama. Aliichukua kompyuta mpakato mpya ya Mama, akaigeuza huku na huku, akaipindua, akaikagua pembe zote kama mnunuzi anayekagua mbuzi sokoni. Haikuwa na tundu la disketi. Ilikuwa na vitundu vya kila aina, lakini hapakuwa na hata kimoja ambacho kingeweza kumeza kibamba kile.

Kesho yake akaenda kwa fundi wa kompyuta aliyekuwa na kibanda kwenye kona ya barabara. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye bisibisi nyuma ya sikio, amezungukwa na mashine zilizofunguliwa matumbo. Aliishika disketi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota jino la mtu mwingine. Akasema kitu hicho ni cha enzi za wazee wake, kisha akasema aje keshokutwa. Keshokutwa akasema aje kesho. Siku ya tatu akawa amepata kwa fundi mwenzake kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwa waya. Disketi ya kwanza ikasomeka. Ya pili ikalia krr, krr, krr, na Fundi akalazimika kuifungua kifuniko na kuifuta ukungu kwa pamba, huku akiguna na kuuliza kwa nini bibi za watu hawapendi kufuma kama wenzao.

Chapuchapu alirudi nyumbani mbio, mchezo ukiwa kwenye flashi. Akaubofya. Kompyuta ikamjibu kwa kisanduku cheupe kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Akaubofya tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ni kiziwi. Jibu likawa lile lile. Akarudi kibandani karibu kulia.

“Kompyuta yako ni ya jana, mchezo wako ni wa juzi,” Fundi alimwambia. “Hawajuani hao. Lazima tuwatafutie mkalimani.”

Mkalimani huyo alikuwa programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani, mashine kikongwe ndani ya mashine kijana. Fundi akamwekea, kisha akamwandikia karatasi yenye mistari saba ya amri za kuandika kwenye dirisha jeusi. Akamsihi asiruke hata mstari mmoja. Chapuchapu aliruka wa nne, kwa sababu ulionekana kufanana na wa tatu. Alasiri nzima ikapotea. Siku iliyofuata hakuruka mstari, ila aliandika alama ya mkwaju, mstari wa mshazari, unaoegemea kulia mahali palipotaka unaoegemea kushoto, na alasiri nyingine ikaenda. Bibi, aliyekuwa akingoja kitini na miwani yake puani, alianza kuuliza kila baada ya dakika tano kama bado. Ikafika mahali hata neno lenyewe “bado” likamkera Chapuchapu.

Siku ya nane dirisha jeusi likapepesa, likatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa, na mchezo ukafunguka. Chapuchapu akapiga kofi la furaha. Akabonyeza kuanza. Herufi hamsini zikamwagika zote kwa mara moja kama mtama uliotobolewa gunia, na kabla hajashusha kidole, kioo kikaandika: Umedaka 0. Akaanza tena. Umedaka 0. Bibi akasema kwa upole wa kuudhi kwamba wakati wao ilikuwa mvua, hii ni gharika.

Safari hii Fundi alikuja mwenyewe nyumbani, nadhani ili apumzike kumwona Chapuchapu kibandani. Akaeleza kwamba mchezo ule haukuhesabu muda kwa saa. Ulihesabu hatua za mashine, na hatua moja ya kompyuta ya zamani ni sawa na maelfu kwa hii mpya. Akamwonyesha Chapuchapu kitufe cha kupunguza mwendo na kitufe cha kuuongeza, na namba ndogo juu ya dirisha inayoonyesha mwendo wenyewe. Akashusha, akashusha. Bibi aliegemea mbele, macho kwenye kioo. Namba ilipofika elfu tatu akainua mkono wake mzima. Hapo, akasema. Huo ndio mwendo wa ofisini.

Kesho yake Bibi akavaa gauni la heshima, akaketi wima, akaweka vidole kwenye vitufe kama mpiga chapa wa kweli. Mkono wa kulia ulikimbia. Wa kushoto ulibaki nyuma, na kidole cha mwisho, chenye kazi ya kubonyeza A, hakikushuka kabisa. Lugha yetu haiendi hatua mbili bila A. Zilikuja A baada ya A, zikagonga chini moja baada ya nyingine. Herufi za kulia Bibi aliziona vizuri, lakini kila alipokwama kwenye ya kushoto, tatu za kulia zilimpita. Alidaka sita.

Siku ya pili alidaka tisa, ya tatu nane, ya nne tisa. Siku ya nne hiyo aliipiga kibodi kwa ngumi. Alisema mkono huu ungekuwa kiatu angeutupa. Chapuchapu akaandika tisa kwenye daftari kwa hati kubwa ya hasira. Asubuhi ile langoni mwa shule, kapteni wa timu, msichana aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, alikuwa amemuuliza Chapuchapu bibi yake amefika ngapi, akaongeza kwamba mechi ni Ijumaa ya wiki ijayo na nafasi haiwezi kukaa wazi milele. Tisa! Siku nane za kuhangaika na disketi, krr krr, mikwaju na gharika, halafu tisa.

Bibi alikuwa amekwenda bafuni kunawa uso. Chapuchapu akatazama mlango. Akabonyeza kitufe cha kupunguza mwendo mpaka namba ikasoma elfu mbili, kisha akautanua mchezo ukajaza kioo kizima, na ile namba ya juu ikapotea. Akamwambia Bibi ajaribu mara moja tu ya mwisho. Bibi akadaka kumi na saba. Akacheka, na kicheko hicho kilikuwa hakijasikika ndani ya nyumba ile tangu alipougua. Chapuchapu naye akacheka. Akafuta tisa, akaandika kumi na saba.

Baada ya hapo hakukuwa na pa kusimama. Akashusha mwendo hadi elfu moja na mia tano, Bibi akapata ishirini na nane. Akashusha hadi elfu moja, zikawa thelathini na sita. Mara moja tu Bibi aliinua uso na kuuliza mbona siku hizi herufi zinashuka kwa utulivu hivi.

“Ni macho yako yamezoea, Bibi,” Chapuchapu akasema, bila hata kumeza mate.

Bibi aliamini. Mtu anayetamani sana kupona hana maswali mengi. Siku mwendo uliposhuka hadi mia nane, daftari likasoma arobaini na nne. Mama alilisoma jioni ile akiwa bado ameshika mkoba wa kazini, akaketi, akalisoma tena. Kazini kwake habari zikaenea kwamba mama yake anapona kwa maajabu. Chapuchapu akacheza mechi yake ya Ijumaa. Mipira yake mitatu ya kuanzisha ilikwenda wavuni, na hakuelewa kwa nini alikuwa hana raha hata timu yake iliposhinda.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulifikiria. Bibi aliacha mpira, akaacha udongo na vifungo. Alisema mtu anayedaka arobaini na nne kati ya hamsini anaminya mpira wa nini. Chapuchapu hakumlazimisha, kwa maana angemlazimisha kwa hoja gani?

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa uani akianika nguo, na Chapuchapu akifagia chumbani. Waliusikia mlio kwa pamoja. Walipofika sebuleni, Bibi alikuwa ameshikilia ukingo wa meza, chupa ya chai imelala sakafuni, na chai ya moto imemwagikia mguu wake. Alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kulia na chupa kwa wa kushoto, kama alivyofanya miaka yote ya maisha yake, na vidole vikaachia bila kumuuliza.

Mama akamkalisha, akaumiminia mguu maji baridi kwa muda mrefu. Lengelenge lilianza kuinuka juu ya kidole gumba. Mama alikuwa na hofu, na hofu yake ikatoka kama ukali.

“Mama, nani amekuambia ubebe chupa kwa mkono huo?”

“Daftari limeniambia,” Bibi akajibu.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja shahidi wake. Chapuchapu aliendelea kusimama mlangoni na ufagio mkononi, na akatamani Bibi angepiga kelele tu.

Miadi ya kliniki ilikuwa Jumatatu alasiri. Mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote watatu. Mtaalamu wa viungo akautazama kwanza mguu, akasema hautabaki na kovu. Kisha akatoa kifaa chake cha kupimia nguvu za mkono, kifaa cha chuma ambacho mgonjwa hukibana na mshale husimama kwenye namba. Mwezi uliopita Bibi alikuwa amebana kilo sita. Akabana sasa, meno yameumana. Sita. Akabana tena, tano. Mara ya tatu, sita.

Mtaalamu akafungua daftari. Akapitisha kidole juu ya namba, sita, tisa, nane, kumi na saba, ishirini na nane, thelathini na sita, arobaini na nne. Akarudi kwenye kifaa, akarudi kwenye daftari. Akamuuliza Bibi kama kichwa kimekuwa kikimuuma, kama ulimi umekuwa mzito, kama kuna siku ameona vitu viwili viwili. Kwa kila swali Bibi alitikisa kichwa, na kila mara kwa uhakika mdogo zaidi. Mwishowe Mtaalamu akasema kwa sauti yake ya taratibu kwamba jambo hili halimpendezi. Vidole vilivyokwenda mbele kiasi hiki, halafu mkono ushindwe ghafla kushika chupa, huenda kuna kitu kipya kimetokea kichwani. Angependa Bibi apelekwe hospitali kuu apigwe picha ya kichwa, na huenda wakamlaza siku chache wamwangalie. Akavuta fomu, akaanza kuandika.

Bibi, mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, aliutafuta mkono wa Mama kwa mkono wake mzima, akaushika kama mtoto. Mama akafumba macho.

Chapuchapu alitazama kalamu ikitembea. Akawaza kwamba picha ikipigwa haitaonyesha kitu, watarudi nyumbani, na hakuna atakayejua. Ilikuwa njia rahisi kabisa. Lakini kalamu ilikuwa imeshafika mstari wa tatu, na vidole vya Bibi vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa Mama.

“Usiandike,” akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. “Usiandike. Bibi hana kitu kichwani. Mimi ndiye niliyepunguza mwendo wa mchezo. Zile namba si zake.”

Kalamu ikasimama. Chapuchapu akasema yote kwa mfululizo, elfu tatu ya ofisini, elfu mbili, ile namba aliyoificha, mechi ya Ijumaa, na kwamba alitaka Bibi acheke, na kwamba alitaka pia kurudi kwenye timu, na kwamba hakujua tena lipi lilianza. Mama alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Bibi ndiye aliyezungumza.

“Nilikuuliza,” Bibi akasema. “Ukaniambia ni macho yangu.”

Chapuchapu akaanza kulia. Mtaalamu alimwacha alie kidogo, akaichana fomu vipande viwili, kisha akamvutia kiti karibu na meza yake.

“Kupunguza mwendo si kosa,” akamwambia. “Ungeniuliza, ningekuambia uanze hata na mia tano. Mkono unaojifunza upya haukimbizwi. Lakini mimi sikai nyumbani kwenu, mdogo wangu. Macho yangu nyumbani kwenu ni hizi namba. Ulinifumba macho, nikawa nampeleka bibi yako kutafuta ugonjwa ambao umeutunga wewe. Na yeye mwenyewe akaacha mazoezi yanayompa nguvu ya kushika, akidhani ameshapona. Ndiyo maana mshale umebaki sita.”

Akampa kalamu. Wakaanza mstari kwa mstari, kila siku na mwendo wake wa kweli. Chapuchapu alizikumbuka namba zote, kwa sababu mwongo huwa analazimika kukumbuka. Kurasa zilipokwisha kusahihishwa, Mtaalamu alisema kwamba kazi iliyofanywa na vidole haikupotea, maana hata kwa mia nane vidole vilibonyeza. Kilichopotea ni siku nyingi za mpira na udongo, na mguu mmoja ulioungua.

Njiani Mama alisema maneno machache tu. Mpira wa wavu umesimama, na Chapuchapu atakwenda mwenyewe kumweleza Twiga kwa nini, bila kubadilisha hata neno. Alikwenda, akaeleza. Twiga akamsikiliza mpaka mwisho, akasema basi atamweka mtu mwingine. Hata hilo lilikuwa afadhali kuliko nyumbani. Kwa siku mbili Bibi hakununa wala hakukaripia. Alimwita tu kwa jina lake halisi, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa adabu kama anavyoitwa mgeni, na kila alipoitwa hivyo Chapuchapu alihisi kama amepigwa kibao.

Siku ya tatu Bibi akasema, “Washa hiyo mashine yako. Na namba niione.”

Chapuchapu akaiwasha, akaacha dirisha dogo, namba ya mwendo ikisomeka juu. Elfu tatu. Bibi akadaka kumi na moja. Chapuchapu akauma mdomo, lakini Bibi akauliza tu kama ameandika. Kisha akamwagiza ashushe hadi elfu moja na mia tano, akadaka ishirini na sita, na zote mbili zikaandikwa, kila moja na mwendo wake pembeni. Baada ya hapo Bibi akanyoosha mkono, akaomba mpira. Aliuminya mara hamsini akiutukana kila baada ya mara kumi. Chapuchapu akahesabu kwa sauti, na alipokosea kwa kuruka thelathini na tatu, Bibi akamrudisha.

Mwezi ukapita hivyo. Kulikuwa na siku mbaya nyingi. Kuna siku kidole cha mwisho kilisusa kabisa, kuna siku Fundi aliitwa tena kwa sababu kompyuta ilijisasisha yenyewe na kumsahau mkalimani wake, na Chapuchapu akaanza upya mistari yote saba, wa nne ukiwemo. Lakini waliporudi kliniki, mshale ulisimama kwenye tisa, na daftari, kwa mwendo wa elfu tatu, likasoma ishirini na tatu. Mtaalamu alilinganisha namba hizo mbili na hakukunja uso. Alisema zinasema kitu kimoja, na kwamba sasa Bibi anaweza kuja mara moja kwa miezi miwili.

Mama akaenda kwenye dirisha la mapokezi kupanga tarehe. Bibi na mjukuu wake wakangoja kwenye benchi la nje ya mlango. Bibi aliutazama mkono wake mapajani, kisha akaanza kusimulia jambo ambalo Chapuchapu hakuwahi kulisikia. Alipokuwa bado kijana kazini, mkuu wake alimsomea barua haraka haraka, na alipofika kwenye ukubwa wa shamba la watu fulani, Bibi hakusikia vizuri kama ni ekari sita au ekari sitini. Aliona aibu kuuliza. Akaandika sita, kwa sababu alitaka kumaliza, na barua ikaenda zake. Wale watu walikuja ofisini kila wiki kwa miezi saba kufuatilia shamba lao, na kila walipopita mbele ya meza yake walimsalimu kwa heshima, kwa kuwa hawakujua. Siku aliyosema kweli, barua ilirekebishwa kwa dakika kumi.

“Kwa hiyo najua inavyokuwa,” Bibi akasema. “Mtu haandiki uongo kwa sababu ni mbaya. Anaandika kwa sababu amechoka, au anaona aibu, au anamhurumia mtu. Lakini karatasi haijui huruma yako, mke mwenzangu. Anayeisoma ataifuata kama ilivyo. Ukinipenda, niandikie nilichopata. Ya kunifurahisha nitayatafuta mwenyewe.”

Chapuchapu hakujibu upesi, na kwake hilo lilikuwa jambo geni. Alisema tu kwamba amesikia, kisha akasogea mpaka bega lake likagusa la Bibi. Mama akatoka na kadi mkononi, wakaondoka.

Alasiri iliyofuata, mwendo ukiwa elfu tatu, Bibi alidaka ishirini na mbili, moja pungufu ya zile zilizosomwa kliniki. Alisema kibodi ni mbovu, akasema mwanga ni mdogo, akasema na Chapuchapu alikuwa akimpumulia sikioni. Aliendelea kulalamika mpaka Mama akarudi kutoka kazini, na namba ikabaki ishirini na mbili.